Mtu wa Karibu

Jumapili, Agosti 10

Triza wangu yuko Nairobi. Nyumbani hajafika, lakini yuko Nairobi. Ametoka Lodwar jana, moja kwa moja hadi hoteli ya mikutano huko Komarock. Nikipanda pale juu tunapoanika nguo hapa Umoja, nadhani naona paa lake. Semina ya wiki nzima. Walimu wanaofundisha mambo ya rekodi za wagonjwa wamekusanywa kutoka vyuo vya kila mahali.

Nimewaambia kanisani. Nimemwambia anayeniuzia sukuma wiki. Kavinya wa mlango wa pili, Mama Nzau, nimemwambia zaidi ya wote, kwa sababu mwanawe Nzau humletea mkate kila Jumapili na yeye huubeba kwenye ploti yetu ya wapangaji kama kombe la mpira. Nikamwambia Triza amekuja kufundisha walimu. Akauliza, kwani walimu hawajui? Nikasema wanajua, ila Triza anajua zaidi.

Ukweli Triza alisema "nahudhuria." Ni maneno yanayokaribiana.

Nimechinja kuku. Firigisi nimeiweka kando. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu mume wangu Luseno atuache hakuna aliyeigusa. Naitoa, naiangalia, nampa paka wa Mama Nzau. Lakini sasa mwenye nyumba ni Triza. Atakuja jioni.

Baadaye. Hajaja. Amesema kuna chakula cha kufahamiana. Mimi nimefahamiana naye tangu tumboni.

Jumatatu, Agosti 11

Mpango wa kwanza: kuumwa.

Nilimpigia wakati wa chai yao. Nikamwambia goti la kushoto limegoma, hata chooni sifiki. Akauliza, limevimba? Lina joto? Nikakubali yote. Akasema pole sana Mama, natuma mtu saa hii. Nikajua mtu huyo ni yeye mwenyewe, ananitania. Nikaoga. Nikavaa kitenge kipya. Nikalala kitandani na uchungu wangu.

Mtu akaja. Nzau. Na barafu, na mafuta ya kuchua. Kumbe Triza ana namba yake. Mama Nzau akasimama mlangoni kumtazama mwanawe akinikanda, uso ukimng'aa. Akasema si kila mama amejaliwa kijana wa namna hii. Niliguna kwa maumivu. Nilikuwa mgonjwa.

Alikanda goti la kulia. Sikumrekebisha.

Jumanne, Agosti 12

Goti limepona. Mpango wa pili: kama mtoto haji kwa kuku, kuku aende kwa mtoto.

Nilimfunga kwenye hotpoti, firigisi juu kabisa. Mama Nzau akasema atanibebea ugali, ingawa najua alikuja kuchunguza. Getini tukamkuta askari mmoja mpole, Abdiwali. Akasema, Mathe, chakula cha nje hakiingii, ni sheria ya hoteli. Nikamweleza kwa upole kwamba anaongea na mama wa mwalimu wa walimu. Akakuna kidevu. Akasema wiki hii walimu wote humo ndani ni wanafunzi. Mwalimu ni mmoja tu, Bwana Phares.

Nikamwomba apunguze sauti. Alikuwa ameshachelewa. Mama Nzau alitabasamu tu, kuanzia Komarock mpaka kwenye geti la ploti yetu.

Lakini Abdiwali aliniruhusu kuchungulia dirishani kidogo wakati Mama Nzau akipiga gumzo naye. Nikamwona. Amekaa nyuma, anakuna sikio kwa kalamu, vile alivyokuwa akifanya hesabu mezani kwangu. Amevaa miwani.

Sikujua mtoto wangu anavaa miwani. Tangu lini? Nani alimpeleka kupimwa macho?

Jumatano, Agosti 13

Sikutoka kutwa. Nilisema nafua.

Alasiri Mama Nzau akabisha hodi na habari. Gumzo lake na Abdiwali halikuwa la bure. Kesho semina inataka watu wa kawaida wa kujifanya wagonjwa. Bwana Phares amechoka na walimu wa kusoma maneno ukutani na wanafunzi kuyanakili. Anataka wajifunze kufundisha kwa vitendo: mgonjwa aketi mbele yao kweli, wamwandikishe kwenye kompyuta, wenzao wawakosoe.

Nilimkumbatia Mama Nzau. Akashtuka. Mimi pia.

Tatizo ni dakika. Mgonjwa anaulizwa maswali machache halafu anaondoka. Nitatosheka vipi? Basi nitaingia mara mbili. Kwanza kama Nabwire, jina nililozaliwa nalo. Halafu kama Millicent, jina la ubatizo. Yote ni yangu, kwa hivyo si uongo. Kwenye kitambulisho nina lingine pia, lakini hilo naliweka akiba.

Alhamisi, Agosti 14

Siku ya aibu. Naiandika ili nisiisimulie.

Nilisukuma foleni kidogo mpaka nikaangukia meza ya Triza. Aliponiona rangi ilimtoka. Lakini Bwana Phares alikuwa nyuma ya kiti chake, kwa hivyo akajikaza, akanisalimu kama mgeni, akauliza jina. Nabwire. Mtaa? Umoja. Namba ya simu? Nikaitaja, ingawa anaijua kwa moyo. Sauti yake ya kazini ni nzuri sana. Natamani angeniuliza mambo mpaka jioni.

Kisha akauliza, mtu wako wa karibu ni nani?

Nikajibu vizuri kabisa. Nikasema ni Kavinya, Mama Nzau.

Vidole vyake vikasimama. Akarudia, mgonjwa, nimeuliza mtu wako wa karibu. Nikadhani hajasikia. Nikamwonyesha kwa kidole, yule pale aliyeshika mkoba wangu. Nikamweleza ukuta wetu ni mmoja. Nikikohoa usiku, yeye ndiye hugonga kuuliza kama niko hai. Karibu zaidi ya hapo labda tulale kitanda kimoja.

Akaandika. Hakuniangalia tena. Nikaondoka bila kujua nilichokosea.

Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaazima miwani ya Mama Nzau, nikarudi. Sasa Millicent. Sikuwa naona vizuri lakini nilijua ni yeye kwa kule kukuna sikio. Akaandika mtaa, akaandika namba ya simu ile ile, kompyuta ikatoa mlio na maandishi mekundu.

Bwana Phares alifurahi kama aliyeokota kitu njiani. Akawaita wote wajongee. Akasema ndilo hili, mgonjwa mmoja, faili mbili. Akasema hospitalini dawa inayomdhuru mtu inaweza kuandikwa kwenye faili moja, daktari akafungua ile nyingine, na mtu akafa akiwa na majina yake yote. Hapo nikavua miwani.

Akamuuliza Triza, mwalimu, utawafundishaje wanafunzi wako kushughulikia hili?

Triza akasimama. Akasema kitu cha kwanza ni kutomkaripia mgonjwa. Watu wetu wana majina mengi na kila jina lina mwenyewe. Muulize kwa upole kwa nini amerudi. Kisha akanigeukia mbele ya walimu wote. Mama, kwa nini umerudi?

Nilikuwa na majibu tayari. Goti. Kitambaa nilichosahau. Yote yakanitoroka. Nikasema, sikuwa nimemaliza kukuona.

Bwana Phares akasema pengine ni wakati wa chai.

Walipotoka, Triza akaketi akaunganisha faili zangu mbili zikawa moja. Akafika pale kwenye mtu wa karibu, akafuta Kavinya, akaandika jina lake. Nikamwambia Lodwar si karibu.

Akasema anajua, Mama. Anajua.

Ijumaa, Agosti 15

Amekuja! Semina imekwisha, akaja na begi lake.

Nilitaka kuita watu. Akanishika mkono, akasema ndiyo maana wiki nzima aliogopa kuja. Kila akija namsimamisha uani kama gari jipya. Na safari hii hakuwa na cha kuonyeshwa. Chuoni wanafunzi walikuwa wakimcheka chini kwa chini, anawafundisha faili za makaratasi na hospitali walikopelekwa kwa mazoezi zimehamia kompyuta zamani. Alikuja kuanza upya, nyuma ya darasa. Halafu akasikia kwa askari wa geti kwamba yeye ni mwalimu wa walimu.

Nikasema Abdiwali ana mdomo.

Akacheka. Akaniambia nikimtaka nisiugue na nisibadilishe jina. Nimpigie tu niseme, Triza, nina hamu na wewe, njoo. Hata kama hawezi kuja siku hiyo, anataka kulisikia neno hilo. Nikaahidi. Nikaapa.

Nikamchinjia kuku mwingine, akala firigisi. Aliila taratibu, kama baba yake. Kisha akalala kwenye kochi na viatu vyake. Nikamvua. Nikamvua na miwani. Nikaijaribu. Ni kali sana.

Jumapili, Agosti 17

Ameondoka jana.

Kanisani nimesema Triza alikuwa wa kwanza kwenye semina. Hakukuwa na mtihani, kwa hivyo hakuna wa kubisha.

Nzau alileta mkate. Mama Nzau akaukata nusu, akaniletea na chai yake, akaketi. Hakuuliza kitu. Tukaula wote.

Alipotoka nikampigia Triza. Nilikuwa nimejiandaa. Neno lenyewe nililifanyia mazoezi nikiosha vikombe: nina hamu na wewe. Akapokea. Akasema, Mama? Nikavuta pumzi nikajisikia nikisema goti linauma.

Akauliza, goti gani?

Nikasema la kulia.

Akasema rekodi yake inaonyesha la kushoto.

Nikamwambia aandike yote mawili.