Baiskeli Yenye Pembe

Jumatatu, 31 Agosti
Jimbo zima la Maharashtra halina kichwa kama changu. Shule niliiacha darasa la nne. Akili za walimu zilikuwa zimekwisha, zangu bado. Na kila asubuhi Babu akienda sokoni hunipigia kengele mara mbili, narukia mbele kwenye baiskeli yake, juu ya bomba la kati ya kiti na usukani. Hapo hajawahi kukaa mwingine. Kiti changu cha enzi!
Leo Sopan, mtoto wa mkuu wa kijiji, kaniuliza keshokutwa, sikukuu ya kupamba na kutembeza maksai, nitatembeza nini, maana maksai wetu alikufa. Eti, "Utatuletea kuku, Bandu?" Watu wakaangua kicheko. Ngoja!

Jumanne, 1 Septemba
Nimepata! Baiskeli nayo ina pembe: usukani! Nikamwomba Babu. Kasema bora aniazime meno yake. Baiskeli hiyo huisalimu kabla hajamsalimu Bibi. Basi siombi tena. Nitaichukua akilala.

Jumatano, 2 Septemba
Babu alipoanza kukoroma usingizi wa mchana, nikatoka nayo. Pembe nimezipaka rangi nyekundu. Njuga. Shada la maua. Kina mama wakaiosha magurudumu kama wanavyoosha kwato za maksai! Mmoja kaniuliza kama inapiga mateke. Sopan mdomo wazi!
Hapo akili ikanizidi. Leo kila maksai hulishwa mkate mtamu wa dengu. Yangu ishinde njaa? Nikaifungia mikate miwili, kila pembe mmoja.
Mungu wangu! Sarja, maksai wa kina Sopan, akaacha msafara, akaja moja kwa moja. Akala mkate. Akala maua. Akatia mguu kwenye gurudumu! Mimi wakati huo niko juu ya ukuta wa hekalu. Aliyeruka ni Sopan. Kamkamata Sarja kamba ya pua, kaivuta baiskeli ikatoka.
Kutazama chini, Babu huyo, peku. Kaiinua baiskeli, kaikokota nyumbani.

Ijumaa, 4 Septemba
Spoku za gurudumu zimenyooshwa. Asubuhi kengele ikalia mara mbili. Nikatoka mbio, uso sijanawa. Sikuamini macho yangu! Sopan! Kwenye bomba! Na ananipungia mkono, mshenzi yule!
Mpango ninao. Rangi nyekundu imebaki nusu kopo. Kesho alfajiri nalipaka bomba, Sopan akikaa anase hapo mpaka sokoni. Hauna kasoro.
Ila hapa hasomi mtu, acha niseme. Spoku si kitu. Sarja si kitu. Kengele ile haikuwa yangu, na mguu wa kurukia nilikuwa nimeshauinua.