Profesa na Anayemsukuma

Karatasi ilisahauliwa juu ya mashine ya fotokopi dukani kwa Natvarlal, na Mbaruku, ambaye hakuwahi kukiona kitu kimesahauliwa akakiacha kiendelee kusahauliwa, aliikunja na kuitia mfukoni kabla mwenyewe hajavuka barabara. Aliisomea Mnazi Mmoja, kivulini, miguu juu ya benchi. Ilikuwa taarifa kwa wajumbe wa kongamano la wasomi: namna ya kutoka uwanja wa ndege, mahali pa kulala, na aya nzima juu ya wajumbe wenye ulemavu, kwamba wafikie nyumba zisizo na ngazi na wahudumiwe kwa heshima ile ile wanayopewa wenzao. Mbaruku aliirudia sentensi hiyo mara mbili. Miaka yote aliyoishi mjini hakuwahi kusoma kichekesho kizuri namna hiyo.

Alipomaliza kucheka alianza kufikiria runinga.

Huo ndio mwaka runinga zilipoingia Bongo kwa fujo, na mwanaume asiye nayo alihesabiwa kuwa amechelewa kuzaliwa. Mbaruku hakuwa nayo, ila antena alikuwa nayo. Ilisimama juu ya bati la nyumba aliyopanga Buguruni, mwezi wa pili sasa, ndefu kuliko zote mtaani, nayo runinga yenyewe, alivyomweleza mchumba wake Zamda, ilikuwa bandarini. Mama yake Zamda alikuwa ameanza kuuliza ni bandari gani hiyo isiyomaliza kupakua. Alikuwa amempa Mbaruku hadi Ijumaa: iwashwe aione kwa macho yake, au posa irudi ilikotoka. Na Mbaruku alimpenda Zamda kweli. Hilo tu ndilo halikuwa uongo katika habari zake zote.

Runinga aliyoitaka ilikaa mapokezi kwa Bi Maimuna, kwenye gesti mpya karibu na Msimbazi, ya rangi, bado imevaa nailoni yake. Bi Maimuna alikuwa mwanamke wa kisasa. Bei za vyumba alizibandika ukutani kwa dola, ingawa mgeni mwenye dola hajawahi kulala pale, na jambo lolote lililoanza na maneno "kutoka nje" alilisadiki kabla halijafika mwisho.

Basi Mbaruku alirudi kwa Natvarlal na kupigisha chapa ukurasa wa tatu wa ile taarifa, ambao waandaaji walikuwa wamesahau kuuandika. Ulisema kwamba nyumba itakayotaka kupokea wajumbe arobaini itakaguliwa na Profesa mwenye ulemavu, na ikifaulu itauazimisha ukumbi wa mkutano runinga moja ya rangi, itakayorudishwa pamoja na wageni. Usomi una mahitaji yake. Kiti cha magurudumu alikikodi kwa muuza mitumba ambaye kontena lilimletea bila yeye kuagiza. Wa kukisukuma alimpata sokoni: Twaha, mpagazi, mtu mzima mwenye watoto wanne, mkimya. Mbaruku alimweleza pa kusukuma na pa kusimama. Anaonaje mpango wenyewe, hakumwuliza.

Siku ya Jumatano saa nne asubuhi, Profesa alifika kwenye gesti akiwa na tai na blanketi mapajani. Mlangoni palikuwa na ngazi tatu. Bi Maimuna, aliyekwisha kuletewa habari za ukaguzi, alizitazama kana kwamba zimejengwa usiku na adui zake, akaamuru mlango wa stoo ung'olewe ulazwe juu yake, na Profesa akapandishwa juu ya mlango wa stoo, bawaba zikilia.

"Karibuni sana," Bi Maimuna alimwambia Twaha. "Anatoka mbali?"

"Natoka chuo kikuu, mama," alijibu Mbaruku.

"Kumbe anasema vizuri," Bi Maimuna alimwambia Twaha. "Na anasikia?"

Twaha alijibu kwamba anasikia. Bi Maimuna aliuliza kama anakula wali, Twaha akajibu anakula. Akauliza kama anakunywa chai mwenyewe au hunyweshwa, na hapo Mbaruku akakohoa kisomi na kutaka kueleza jambo, lakini tayari chai ilikuwa imewekwa mbele ya Twaha, pamoja na sambusa, pamoja na ufunguo wa chumba bora, pamoja na kitabu cha wageni. Kwenye nafasi ya jina Twaha aliandika Profesa. Kwenye nafasi ya kabila Bi Maimuna alimwambia aache tu, mgonjwa asisumbuliwe.

Mbaruku alivumilia. Kwa kweli alifurahi, maana mtu asiyetazamwa hakamatwi. Alikagua choo, akakagua korido, akatikisa kichwa kwa huzuni mbele ya kila kizingiti, na baada ya saa nzima akatangaza kwamba nyumba imefaulu. Bi Maimuna alimpongeza Twaha kwa kumshika mkono.

Kisha ukurasa wa tatu ukasomwa. Runinga ikachomolewa, ikarudishwa kwenye boksi lake. Mpango ulikuwa mwepesi: boksi mapajani kwa Profesa, Profesa kwenye kiti, kiti mlangoni, na kwaheri. Twaha alikwisha kuinama alinyanyue.

"Hapana, jamani," alisema Bi Maimuna. "Mzigo mzito hivi juu ya miguu ile? Tutamuua mtu wa watu. Wewe chukua teksi upeleke. Yeye apumzike hapa mpaka urudi."

"Nitakwenda na mzigo wangu," alisema Mbaruku upesi.

"Anasemaje?" Bi Maimuna alimwuliza Twaha.

Twaha alimtazama Mbaruku. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwa yeyote mle ndani kumtazama usoni, naye Mbaruku aliona wazi mtu mkimya anavyopiga hesabu.

"Anasema asante," alijibu Twaha. "Amechoka."

Akajitwika boksi na kushuka juu ya mlango wa stoo.

Mbaruku alikuwa na miguu mizuri, miguu iliyokwisha kumwokoa mara nyingi kutoka kwenye mikono ya Kariakoo. Ilikuwa chini ya blanketi, inawasha. Teksi ilikuwa bado inageuza. Lakini mlangoni walijaa wapagazi, wauza mitumba na majirani waliokuja kumwona Profesa, na mwanaume angeruka kutoka kwenye kiti kile mbele yao, wangemkimbiza kwanza na kuuliza baadaye. Aliikaza miguu yake akakaa. Teksi ikaingia barabara kubwa na runinga yake, na Ijumaa yake, na Zamda wake.

Bi Maimuna alivuta stuli akakaa karibu naye. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsemesha, alimgeukia, akainua sauti na kutamka polepole.

"Sasa Profesa, hao wenzako arobaini wanafika lini?"

Mbaruku alikitazama kile kiti, akautazama ule mlango.

"Mwulize anayenisukuma, mama," alisema.