Nyuki wa Mstari Wangu

Jumamosi, 2 Novemba

Salongo ya tatu, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Sisi wa kujitolea tumeleta mimea ya porini na kuipanda kwenye bustani ya mji, hapa Kasongo, kila mmoja mstari wake, ili nyuki warudi. Wenzangu wanapenda nyuki. Mimi nampenda Amisa, mwalimu, kiongozi wetu. Leo katangaza kwamba Jumapili ya wiki ijayo anahamia Kabambare kufundisha. Mwenye mstari utakaovuta nyuki wengi ndiye atakayebaki mlinzi wa bustani, na Amisa atampigia simu kila Ijumaa kuuliza hali ya maua. Kila Ijumaa! Sauti yake, sikioni mwangu!

Jumatatu, 4 Novemba

Mstari wangu: hakuna nyuki hata mmoja. Mstari wa Gédéon: nyuki kama watu wa soko. Huyu ni mkulima kutoka Lusangi, anaujua kila mmea kwa lugha ya kwao. Nimemwuliza siri yake. Kasema nyuki huja ua likiwa tayari, nivute subira. Subira! Nimebakiwa na siku sita.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata dawa. Nyuki anatafuta nini kwenye ua? Asali! Basi aikute imeshaiva. Nimechukua chupa ya Shangazi Fatuma, ile ya kikohozi, nikapaka ua moja moja kwa kijiko. Shangazi anakohoa chumba cha pili ninavyoandika. Namwonea huruma. Lakini yeye atapona, mimi je?

Jumamosi, 9 Novemba

Amisa kaja kupiga picha. Kaenda moja kwa moja kwenye mstari wangu! Kachuchumaa, kasema maua yangu yanang'aa. Nilitaka dunia isimame hapo.

Haikusimama. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma, walikuwa wameshuka kutoka mparachichi wa jirani, ukoo mzima, kufuata asali. Wakapanda kitenge chake. Aliruka, alipiga kelele. Gédéon akawapangusa kwa tawi. Gédéon! Kisha Amisa akagusa ua, akalamba kidole, akaelewa.

"Djamali, we iko mutu ya namna gani?"

Mlinzi ni Gédéon.

Jumapili, 10 Novemba

Kaondoka kwa pikipiki, mizigo nyuma. Nilisimama kando ya barabara na shati langu la Idi. Alipunga mkono. Gédéon alikuwa nyuma yangu, lakini nimeupokea mimi. Jioni nimepita sokoni. Kumejaa watu, wala sikuona mtu.

Ijumaa, 15 Novemba

Simu imelia. Ya Gédéon. Nilikaa karibu, nikijidai nang'oa nyasi. Wamezungumza mvua, maua, nyuki. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma.

Chupa ya Shangazi bado ina nusu. Nikiimwaga kwenye mstari wa Gédéon, Ijumaa ijayo Amisa lazima atauliza nani kafanya vile. Gédéon atamwambia. Naye atalitamka jina langu, kwa hasira, lakini kwa sauti yake.

Kijiko kiko wapi?