Maktaba ya Vipimo na Milango ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu anayeandika programu kwa Haskell hana budi kujiandikia sifa zake mwenyewe, maana wenzake hawana haraka hiyo.

Maelezo kwa vizazi vijavyo. Haskell ni lugha ya kuandikia programu. Ni kali. Kabla programu haijaendeshwa, kompaila huikagua yote mstari kwa mstari, na ikiona kosa huitupa nje bila kusalimia. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule mpaka nilipostaafu. Tulielewana siku ya kwanza.

Nimetunga maktaba iitwayo Vipimo. Maktaba, katika kazi yetu, ni msimbo wa programu uliokwisha kuandikwa ambao wengine huuchukua na kuutumia. Yangu hujumlisha na kutoa urefu wa vitu. Mpaka leo anayeitumia ni mmoja, naye ndiye anayeandika maneno haya.

Jumamosi ya wiki ijayo kikundi chetu cha Haskell kitachagua maktaba moja tu ya vipimo iingie kwenye mkusanyo wa kikundi. Itakayoachwa imekufa. Mshindani wangu ni Rula, maktaba ya Daktari wa Meno. Mama mpole, mwenye tabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu huku ameshika koleo.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu imepatikana. Maktaba inayotegemewa na zana za kikundi haiwezi kuachwa. Nimejitolea kukarabati zana inayotengeneza kurasa za maelezo. Kulikuwa na hitilafu ndogo, nikairekebisha. Katika marekebisho hayohayo nimeipenyeza Vipimo. Kuanzia leo zana haijengeki bila mimi.

Mke wangu ameniuliza kwa nini naucheka ukuta. Nimemwambia ni mambo ya kitaaluma.

Jumatano, 5 Machi

Daktari ameona. Amenipigia simu akiwa kazini, mgonjwa yuko kitini. Ameuliza, kwa adabu ya kuudhi, zana ya kurasa inapima nini. Nikasema inapima upana wa pambizo. Akasema pambizo ziko vilevile tangu zana ianze, mzee wangu, hazijanenepa. Nikamsikia mgonjwa akicheka kwa mdomo uliojaa pamba.

Vipimo imeng'olewa kabla ya saa sita mchana. Bila ganzi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenyekiti wa kikundi ametangaza kwamba maktaba inayotumika mahali pa kazi pa kweli itapewa uzito. Nimemkumbuka shemeji.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana karakana ya useremala. Amepata zabuni ya milango ya zahanati mpya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika. Nilimkuta anapiga hesabu kwa penseli juu ya ubao. Nikamwambia penseli ni aibu kwa mtu wa hadhi yake. Akaniuliza kama hiyo kompyuta yangu imewahi kuchomwa na kibanzi. Nikamweleza kwa upole kwamba katika Haskell, programu ikishakubaliwa na kompaila, mambo yamekwisha. Akakuna kidevu. Akasema haya, shemeji, wewe ndiye uliyesoma.

Mke wangu amesema zabuni hiyo ikiharibika, nitakwenda mwenyewe kumweleza mama yake. Mama mkwe hajanisamehe bado suti niliyovaa harusini. Nimesema hakuna kitakachoharibika.

Ijumaa, 7 Machi

Programu ya milango imekamilika. Unaingiza upana wa nafasi iliyoachwa ukutani, unaingiza unene wa fremu, inakupa upana wa mlango. Kompaila imeikubali mara ya kwanza. Nilisimama kwa heshima.

Daktari ameniandikia kuuliza kama Vipimo inatofautisha inchi na sentimita. Katika Rula, anasema, hizo ni aina mbili tofauti. Ukijaribu kutoa moja kwenye nyingine bila kuigeuza kwanza, kompaila inakataa. Nimemjibu kwamba namba ni namba, na mtu mzima anajua anatumia kipimo gani. Amenirudishia picha ya jino linalotabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Msumeno umelia tangu asubuhi. Shemeji anasoma vipimo kwenye kompyuta na kukata bila kufikiri. Amekiri mwenyewe kwamba kukata bila kufikiri kuna raha yake. Nimepiga picha nyingi za kuonyesha Jumamosi. Katika nyingi kati ya hizo nimesimama mbele ya milango.

Jumatano, 12 Machi

Milango haiingii.

Nimeitwa zahanati. Mlango wa kwanza ulisukumwa ukagoma. Wa pili ukagoma. Msimamizi wa ujenzi, mtu mwembamba asiye na subira, akauliza kama zahanati hii tunawajengea tembo. Wapaka rangi waliacha kazi ili wacheke vizuri.

Kilichotokea ni hiki. Nafasi ya ukuta ilipimwa kwa sentimita: tisini. Mbao za fremu huuzwa kwa inchi: mbili kila upande. Programu yangu ikachukua tisini, ikatoa nne, ikatangaza themanini na sita. Ilipaswa kutoa karibu kumi. Kila mlango umezidi kama sentimita sita, na ukiupiga randa kiasi hicho unafika kwenye kitasa.

Ikumbukwe kwamba kompaila iliikubali. Kwa hiyo programu ilikuwa sahihi. Wenye mbao ndio waliokosea kuuza kwa inchi katika zama hizi.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji alikuja, akakaa sebuleni, akanywa chai yote. Msimamizi amempa nafasi moja tu. Akate upya kwa mbao zake mwenyewe. Milango hiyo nayo ikigoma, zabuni inakwenda kwa mwingine, na karakana itafungwa, kwa sababu mbao hizo amezichukua kwa kuiweka karakana rehani.

Nikamwambia nitamsaidia. Akasema, "Shemeji, nisaidie, usinisaidie." Sikuelewa.

Mke wangu ameanza kuniita kwa jina langu lote, pamoja na la babu.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano. Chumba cha juu ya duka la betri, viti vya plastiki, feni inayozunguka pale inapojisikia.

Nilisimama nikaeleza kwamba Vipimo inatumika katika karakana ya kweli. Ni kweli. Mmoja akauliza matokeo yamekuwaje. Nikasema milango haijawahi kukatwa kwa kasi kama ile. Hilo nalo ni kweli. Nikaanza kuonyesha picha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji na vumbi la mbao kichwani. Akasalimia wote kwa adabu, mimi akaniruka, akauliza ni nani hapa mwenye programu inayojua inchi. Daktari akanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema basi tupige kura.

Mikono yote ilipanda kwa ajili ya Rula. Wangu ulikuwa unakuna kichwa, ukahesabiwa.

Kisha, neema! Daktari akasema wagonjwa wamemzidi, anaomba mlezi mwenza wa kuitunza Rula. Watu hawa wanaopenda sana maktaba za wenzao wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mmoja akakumbuka ana simu ya kupiga. Nikanyoosha mkono kabla feni haijamaliza mzunguko. Daktari alisita, akaangalia huku na huku, akaona hakuna mwingine. Amenipa ufunguo wa kutoa matoleo mapya. Ameniambia mara mbili kwamba toleo likishatoka halifutiki, mzee wangu, tafadhali. Nimemwambia nimekagua shule nzima nzima.

Shemeji alikuwa mlangoni akinitazama. Sura ya mtu aliyeona kreni inapitisha mzigo juu ya kichwa chake.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika upya programu ya milango kwa kutumia Rula, kama shemeji alivyodai. Kompaila imekataa. Inasema hii ni inchi na ile ni sentimita, na haziwezi kutoana. Mstari wa kwanza imekataa. Mstari wa tatu imekataa. Imekataa hata mahali nilipoandika jina langu, ingawa hapo nilisahau alama ya nukuu.

Shemeji amepiga simu kuuliza kama iko tayari. Mbao zimeshushwa karakanani, kesho anakata. Nimesema iko karibu.

Ningeweza kugeuza kila kipimo mahali pake, kama maelezo ya Daktari yanavyoelekeza. Lakini kufanya hivyo ni kukiri kwamba kosa ni langu. Nimeitafakari Rula kwa haki, bila chuki. Ina ubishi. Maktaba iliyolelewa vizuri haimjibu mtu mzima hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka mapema na kuirekebisha Rula. Inchi na sentimita sasa ni majina mawili ya namba moja ileile. Amani imerudi katika familia. Nimetoa toleo jipya kwa ufunguo wangu, nikaandika kwenye maelezo: "Imerahisishwa." Programu ya milango nikaiendesha tena. Kompaila haikutamka neno.

Nimempelekea shemeji vipimo karakanani. Alikuwa amesimama kando ya mbao mpya. Akauliza kama nimetumia ile ya Daktari. Nikasema ndiyo, ile ile. Akauliza kompaila imesemaje. Nikasema imekubali kimya. Alishusha pumzi ndefu, macho yakamlowa, akaniita kaka kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake. Akawasha msumeno.

Daktari amekuwa akipiga simu tangu saa tatu, tena na tena. Pongezi, bila shaka. Nitampokea baadaye, hapa kelele ni nyingi, na shemeji anakata kwa kasi ya ajabu.