Kifumbu cha Mama na Debe la Petroli

Hamadi na Suleimani, leo sina uso wa kutokea barazani. Nawaandikia huko Pemba upesi kabla hamjapata barua ya mtu mwingine, maana hapa Kikwajuni habari haisubiri mtu avae viatu. Afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua nimemposa Zuhura. Mnajua pia kwamba baba yake amefariki, na aliyemlea ni ami yake, Fundi Makame, yule mwenye gereji upande wa pili wa mji. Posa ina wiki ya tatu na jibu halijarudi. Muda wote huo nilikuwa nachunguzwa. (Wamemuuliza hata kinyozi wangu kama natulia kwenye kiti.) Juzi likaja neno: Fundi atakula kwetu leo baada ya sala ya Ijumaa, na nimfuate mwenyewe kwa gari ninayoendesha. Nikaelewa. Nachunguzwa mimi na gari yangu.

Gari ni ya tajiri wangu, lakini usukani ni wangu na sifa najipa mimi. Wiki iliyopita ilikuwa inakohoa, nikampelekea Fundi. Akafungua boneti, akanionyesha kitu kidogo karibu na pampu: kikombe cha kioo, na juu yake wavu mwembamba wa waya.

"Hili ndilo chujio la petroli," akaniambia. "Kutu na maji vinatua humu, visende kwenye kabureta. Kila Ijumaa funga koki, fungua kikombe, mwaga, pangusa wavu, rudisha. Umefahamu?"

"Nshafahamu, Fundi."

(Kufahamu nilifahamu. Kufanya ndiko kulikonishinda.)

Asubuhi ya leo tangi lilikuwa linakaribia kukauka. Bandani kwa tajiri kulikuwa na debe la petroli lililokaa tangu Ramadhani, chini limejaa kutu. Nikafikiri kama mtu mwenye akili zake. Kama kazi ya kikombe ni kuchuja, si bora nichuje mwenyewe kabla uchafu haujaingia, nikaepukana na kikombe moja kwa moja? Kanzu yangu itabaki nyeupe, na Fundi hatajua.

Nikalipakia debe garini mpaka nyumbani, nikatafuta kitambaa, sikupata. Lakini jikoni, kwenye msumari wake, kilikuwa kinaning'inia kifumbu cha mama, kile cha ukindu anachokamulia tui tangu mimi natambaa. Nikakitazama. Kifumbu kinazuia chicha za nazi, kutu itapita wapi?

Mama alikuwa kwa jirani. Nikakitia kifumbu kwenye mdomo wa tangi, nikamimina debe taratibu, nikaona kutu imebaki ndani ya ukindu. Nilijisifu peke yangu, kwa sauti. Kisha nikakifua kifumbu kwa sabuni mara tatu, nikakianika juani, nikakirudisha kwenye msumari. Nikakinusa. Hakina harufu. (Pua ya mtu aliyeshinda na petroli haikubaliwi ushahidi.) Mama naye ana mafua tangu Jumatatu, hata udi haunusi. Aliporudi akakaa juu ya mbuzi, akaanza kukuna nazi. Nikamuaga, nikaenda zangu kumfuata Fundi. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nazi hizo zitakamuliwa.

Nikasali msikiti mmoja na Fundi. Tulipotoka nikamfungulia mlango wa gari mbele ya watu wote, kanzu kwa kanzu, kofia kwa kofia. Nikawasha. Ikawaka. Nikaondoka kwa madaha.

Hatukufika mbali. Gari ikakohoa, ikashtuka, ikakohoa tena, ikazima katikati ya njia na watu wa msikitini wote wakiwa nyuma yetu. Nikajaribu tena, kimya. Wakatuzunguka. Kila mwenye kanzu akawa fundi. Mmoja anasema isukumwe, mwingine anasema ipumzishwe, imechoka. Fundi Makame mwenyewe akashuka polepole, akakunja mikono ya kanzu yake.

"Kikombe ulifungua leo?"

"Nilikifungua, Fundi."

(Hapo nimetoka msikitini sasa hivi. Udhu haujakauka.)

Akafunga koki, akalegeza skurubu, akatoa kikombe, akakiinua juani. Ndani kulikuwa na vitu vyeupe vinaelea na vingine vimetua chini.

"Masudi."

"Naam."

"Hiki nini?"

"Kutu, Fundi."

"Kutu nyeupe?"

Mzee mmoja akatia kidole, akasugua, akatazama. "Hizi chicha," akasema. "Chicha za nazi."

Kisha mtu nyuma akauliza kama gari yangu imeanza kula wali, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika kofia zao. Fundi hakucheka.

"Petroli umetoa wapi?"

Ningeweza kusema kweli. Mdomo ukanitangulia. "Nimenunua, Fundi. Wauzaji wa siku hizi wanatia vitu."

Akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akapangusa wavu, akaupuliza, akausafisha tena kwa kucha, akarudisha kikombe, akafungua koki, akangoja kijae. "Washa," akasema. Ikawaka. Kazi yote hiyo haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na mimi niliikimbia wiki nzima. Aliporudi kukaa nikaona kanzu yake ya Ijumaa ina doa jeusi kifuani. Njia nzima mpaka Kikwajuni alikuwa analisugua kwa kidole. Mimi moyoni nilikuwa najituliza: aibu ya leo imekwisha, imebaki kula tu.

Mama aliandaa kama sikukuu. Sinia la wali wa nazi, mchuzi wa samaki, changu wa kukaanga. Tukakaa mkekani, Fundi na mimi, mama yuko nyuma ya pazia anasikiliza kama mgeni anaridhika. Fundi akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akatia kinywani.

Taya zikasimama.

Akanitazama. Akatazama sinia. Akameza kwa adabu, akanywa maji glasi nzima. Mimi nikaonja chembe mbili tatu na nikajua, ulimi wangu ukajua kabla yangu.

"Bi Asha," Fundi akasema kwa upole kuelekea pazia, "samahani kwa kuuliza. Mafuta ya taa mnaweka wapi humu ndani?"

Nyuma ya pazia mama akasogea karibu. "Yarabi," akasema. "Basi ni ule mchele. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa karibu yake, itakuwa iliumwagikia. Na pua zangu zimeziba, sikuhisi. Nisamehe, Fundi. Uzee huu."

Jamani! Mama yangu, ambaye huitwa harusini kusimamia masufuria ya watu, anaomba radhi kwa wali. Na ilikuwa rahisi sana kwangu kukaa kimya. Ningepata mke, na mama angejiona mzee mpaka siku yake ya mwisho.

"Si mchele, mama," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote. Debe, kifumbu na chicha za jana zilizoganda ndani yake, sabuni mara tatu, kikombe ambacho sikukifungua, na muuzaji ambaye hayupo. Nilipomaliza nilikuwa natazama ukindu wa mkeka tu.

Pazia likasogea. Mkono wa mama ukatoka, umeshika kifumbu. "Kinuse, Fundi. Mimi leo sina pua."

Fundi Makame akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa kwa makini kama mtu anayepima karafuu. Akapiga chafya.

"Petroli," akasema.

"Masudi," mama akaniita. "Kifumbu hiki kimemkamulia tui babaako mpaka anaingia kaburini. Leo weye umekinyweshea gari."

Sijui nani alianza. Nadhani mabega ya Fundi ndiyo yalianza. Kisha nikamsikia mama nyuma ya pazia anacheka huku anakohoa. Mimi sikucheka, mimi nilitumwa dukani kununua mkate wa boflo, maana mchuzi nao ulikuwa na tui. Fundi akala changu watatu kwa boflo na akamsifu mama kwa kukaanga.

Mlangoni akanishika bega. "Ungemwacha Bi Asha abebe lawama ile, jibu la posa ningekuwa nalo palepale," akasema. "Kesho asubuhi uje gereji na nguo za kuchafuka. Tangi lote linamwagwa, na kikombe utakifungua weye mpaka nichoke kukutazama."

Nikarudi ndani nikajua posa imezama. Nikalala kifudifudi.

Baada ya alasiri akaja shangazi yake Zuhura na kifurushi cha kanga. Mama akafungua. Kifumbu kipya, ukindu wake bado una rangi ya kijani. Shangazi akasema ametumwa maneno na Zuhura, na asipunguze hata moja: "Hiki kipya cha jikoni, Masudi asikiguse. Kile cha zamani akae nacho kwenye gari. Mimi nikija, kila Ijumaa nitatazama kifumbu jikoni na kikombe kwenye gari, vyote viwili."

"Akija wapi?" nikauliza. (Sikuwa na akili iliyobaki.)

"Hapa, mwanangu," akasema shangazi. "Unataka aende wapi? Makame kesharidhia."

Mama akapiga kigelegele, mafua yakamkatiza katikati, akaanza upya.

Basi chekeni huko Pemba, mumalize kabisa. Harusini mtaletewa sinia la wali wa nazi, na sitaki kumuona mtu ananusa kabla ya bismillahi.