Siku Jua Linapokaa Mnarani

Jumatano, 19 Machi

Wamefika. Basi la kutoka Battambang limechelewa saa mbili, nami nimesimama stendi ya Siem Reap na shati la pasi kama bwana arusi aliyekosea siku. Ameshuka kwanza Veasna, rafiki yangu tangu tulipochunga nyati pamoja. Amenona. Nyuma yake dada yake mdogo, Kolab. Hajanona. Salamu niliyoifanyia mazoezi wiki nzima ikapotea. Nikasema, "Mmeshuka."

Kolab akasema ndiyo, mjomba, tumeshuka.

Mjomba! Nimemzidi miaka minne tu. Ananiita hivyo tangu siku ile nilipovunja jino kwa kufungua nazi kwa meno ili aone.

Jumatatu anaondoka. Phnom Penh, kisha ndege, kisha Korea, kulima pilipili ndani ya mabanda ya nailoni miaka minne na miezi kumi. Mimi nataka neno moja tu kabla hajapanda basi. Mwanamke wa kwetu akimkubali mwanaume, humwita bong. Tabu ni kwamba neno hilo ni hilo hilo analomwitia kaka yake wa kuzaliwa, na mwanaume yeyote aliyemzidi umri. Leo stendi kamwita muuza barafu bong. Muuza barafu, bong. Mimi, mjomba. Nikipata bong moja ya kweli, ya ndani, nitatuma wazee kwa mama yake, na miaka minne na miezi kumi nitaingoja hata kwa mguu mmoja.

Mpango ninao. Siku hizi ndizo jua linapanda na kukaa juu kabisa ya mnara wa kati wa hekalu la Angkor Wat, kama yai kwenye kikombe chake. Mara mbili tu kwa mwaka. Pale, mbele ya jua lile, mwanamke gani atamwita mtu mjomba? Nimemwambia Kolab nimeliona mara ishirini na mbili. Macho yake yakawa makubwa.

Ukweli, na huu ni wa daftari peke yake: sijaliona hata mara moja. Miaka kumi na moja nawafikisha wageni langoni alfajiri. Wao wanaingia, mimi natundika bembea yangu ya kulalia ndani ya bajaji na kulala mpaka watoke. Wanatoka wakihema kwa furaha. Nami huwaambia, "Si niliwaambia?"

Alhamisi, 20 Machi

Nimewatembeza mjini. Nimewaonyesha hoteli ambako mwenyewe hunisalimia kwa jina. Leo hakuwepo. Mlinzi pia alikuwa mgeni.

Mchana tumekula tambi za mchuzi wa samaki, na hapo akatokea Nhem. Dereva mwenzangu, adui yangu. Ana bajaji yenye taa za rangi saba, na tabia mbaya ya kuingia hekaluni pamoja na abiria wake badala ya kulala kama watu. Kolab kamwita bong kabla hata hajakaa. Nikapaliwa na tambi.

Nhem akasema kesho tuwahi upande wa magharibi, kando ya bwawa la mayungiyungi, maana watu watajaa kama mchele guniani. Akasema yeye atatandika mkeka, tukitaka tukae naye. Akamtazama Kolab aliposema "tukitaka".

Nikamwambia ahsante, baba, mkeka wako kaa nao. Mimi ninapo pangu pa siri.

Sikuwa napo. Ila jioni nimefikiri, na mimi nikifikiri hata mbwa wa jirani hunyamaza. Nilifika darasa la saba, na mwalimu wa jiografia alinipenda mpaka akanirudisha darasa mara mbili. Jua hutokea wapi? Mashariki. Watu wote wanakwenda wapi? Magharibi. Maelfu ya wasomi wanalikimbia jua kisha wanakaa kulingoja! Sisi tutaingia kwa lango la mashariki, tulikute jua likiwa bado halijachoka. Hakuna mtu, hakuna Nhem.

Moyo unaruka kama chura. Kesho naitwa bong.

Ijumaa, 21 Machi

Tumeingia kwa njia ya msituni, lango la mashariki. Kimya. Umande. Veasna kabeba wali wa kunata uliochomwa ndani ya mianzi, mianzi sita, kwa ajili ya kusherehekea. Kolab kavaa krama yake mpya begani, kile kitambaa chetu cha shingoni, ya mirabaraba myekundu. Nikawakalisha kwenye ngazi, tukalikabili hekalu. Nikawaambia wasipepese macho.

Tukangoja. Mbingu ikawa ya kijivu, kisha ya waridi. Minara mitano mbele yetu, mizuri, imetulia. Jua hakuna. Nikasema leo linajiremba.

Veasna akasema mgongo wake unapata joto.

Nikamwambia hayo ni mapenzi ya nchi yake.

Akasema hapana, Thoeun, unapata joto kabisa. Akageuka. Tukageuka wote. Jua lilikuwa nyuma yetu, limeshapanda juu ya miti, kubwa kama sinia, linatutazama visogo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwalimu angeweza kulisema wazi zaidi: anayetaka kuliona jua juu ya mnara, sharti mnara ukae katikati yake na jua.

Na tulipokuwa tumegeuka, nyani wakashuka hekaluni wakachukua mianzi mitano. Wa sita Veasna aliukumbatia.

Kolab alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, mjomba, zile mara ishirini na mbili uliliona kwa kisogo? Nikamwambia upande ule ni wa wajuzi tu. Akafuta machozi, akasema kwa vyovyote minara ilipogeuka dhahabu ilimpendeza sana, na hajacheka hivyo tangu apate barua ya Korea. Alipoitaja Korea sauti yake ilishuka kidogo. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia nyani ni wezi.

Tulipozunguka hadi lango la magharibi tukakuta umati unatoka, wengine wanalia kwa raha. Nhem akaniuliza kwa kelele kutoka mbali kama pale pangu pa siri palinyesha mvua. Kisha akasema, ndugu yangu, kesho bado linakaa palepale, linasogea unywele tu. Mkeka ni mkubwa.

Nitaula unyonge wangu bila chumvi. Kwa ajili ya neno moja, hata mkeka wa Nhem.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nicheke au nijirushe bwawani.

Adui yangu leo alikuwa usingizi. Mwili wangu umezoea: saa ile, pale pale, ni kulala. Kwa hiyo nilijiandaa. Kahawa ya barafu na maziwa ya kopo, glasi tatu. Na zeri ya kuchulia, ile inayowasha, nikajipaka chini ya macho. Hakuna binadamu anayelala na zeri chini ya macho.

Mkekani tulikaa hivi: Nhem pembeni, kisha Veasna, Kolab katikati, mimi. Bega lake lilikuwa umbali wa kidole kutoka kwangu. Giza lilikuwa linaondoka, minara mitano inajitokeza mmoja mmoja, na mingine mitano kichwa chini ndani ya bwawa. Watu maelfu, na wote wananong'ona kana kwamba kuna mgonjwa. Miaka kumi na moja nimelala nje ya kitu kile! Nikajisemea, Thoeun, wewe ni punda.

Kisha zeri ikaanza kazi. Macho yakatiririka kama mfereji. Sikuona mnara, sikuona bwawa. Nikaamua niyafumbe kidogo, yapoe.

Nilipofumbua, jua lilikuwa juu kabisa, lenyewe, halikukaa kwenye kitu chochote. Mikeka ilikuwa inakunjwa. Kichwani nimefunikwa kitambaa. Krama. Mirabaraba myekundu.

Kolab alikuwa ameshatangulia kununua maji. Nhem aliniangalia, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakunicheka. Hilo ndilo lililonitisha. Veasna akasema lilikaa, Thoeun. Lilikaa mnarani hasa, kama ulivyosema, kama yai. Na Kolab alikuita.

Nikamuuliza kaniitaje.

Akasema maneno yake yalikuwa, "Bong, amka, limekaa."

Bong! Nikamshika mabega. Nikamuuliza bong gani: bong ya muuza barafu au bong ya nyumbani?

Akasema yeye alikuwa anaangalia jua.

Nikamwambia wewe ni kaka yake, masikio yako ni ya nini? Akajikuna. Akasema kusema kweli, na yeye alikuwa amefumba macho kidogo, kahawa hakunywa. Kwa hiyo huenda bong aliyeambiwa aamke ni yeye.

Jumapili, 23 Machi

Nimepima ushahidi kama hakimu. Krama nimefunikwa mimi, si Veasna. Lakini Veasna ana kofia. Aliyekuwa anakoroma ni mimi. Lakini Nhem anasema tulikoroma wawili, kwa kupokezana.

Nikaona njia ni kumfanya alirudie. Asubuhi nimejificha nyuma ya bajaji nikaguna kama mtu aliyebanwa na gari. Kolab kaja mbio, akachungulia, akasema, mjomba, simama, utachafua shati. Krama yake hajaidai. Nami sijamkumbusha.

Basi nikamuuliza wazi. Jana uliniitaje? Akawa mwekundu kuliko mirabaraba. Akasema neno alilokwisha kulisema halirudii kwa mtu aliyelala. Kesho basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na yeye atakuwa dirishani. Nikiwa macho nitasikia.

Nitasikia! Nimezunguka uwanja mara mbili nikiimba.

Veasna kanishauri nilale mapema leo kitandani kwangu, na jirani aje anigongee mlango. Ushauri wa mtu wa shamba. Mimi nimefika darasa la saba. Nitakwenda stendi saa kumi alfajiri, niegeshe bajaji mbele ya basi, pua kwa pua, nitundike bembea yangu nipumzike kwa raha. Dereva hawezi kuondoka bila kunipigia honi. Basi lenyewe ndilo litakaloniamsha. Nhem hata angezaliwa mara mbili asingelifikiria hili.

Bembea nimeshaitundika. Mchana nimeijaribu dakika tano, kuona kama kamba zinashika. Zinashika. Nimeamka sasa hivi, jua linazama, na Veasna yuko kwenye ngazi za nyumba na bakuli. Anasema Kolab alipita, akasimama karibu yangu kitambo, akaniita, kisha akaenda kufunga mizigo.

Nimemuuliza kaniitaje.

Anasema yeye alikuwa anakula.