Ombi la Kusimamisha Ndoa Yangu Hadi Tovuti ya Mama Mukwe Imalizike

Kapata, Kolwezi

Kwa Tata Kabemba,
mjomba wa bibi yangu Falonne, na shahidi wa kontra zangu zote mbili

Tata muheshimiwa,

Pokea salamu zangu, nimevua kofia. Wewe ndiwe uliyesimamia ndoa yetu, na wewe ndiwe uliyetia sahihi siku Mama Tshiela, mama mukwe wangu, aliponipa kazi ya kutengeneza tovuti ya biashara yake ya kukodisha viti na mahema. Kazi hii nilijifunza peke yangu kule Musonoi, kwa telefone yenye kioo kilichopasuka. Kontra yangu imeshawatuliza wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Kwa Mama imelala chali. Naeleza.

1. Kifungu cha pili kinasema mteja na fundi watakaa pamoja kukagua kazi. Tata, mi na Mama tuko bukwe: hatutazamani usoni, hatukai chumba kimoja. Basi yeye yuko sebuleni kwetu, mi niko jikoni nyuma ya mlango, na Falonne anabeba kompyuta kwenda na kurudi kama sahani.

2. Kifungu cha tano kinaruhusu mabadiliko matatu. Tumefika la kumi na saba. Viti vyeupe viwe vya bluu, vya bluu virudi vyeupe, sasa vionekane elfu moja na viko mia mbili tu. Nilimtuma Falonne aseme kwa adabu kwamba matatu yalishapita. Jibu likarudi: "Ile haiko mabadiliko. Ni mama anasemesha mutoto wake."

3. Kila badiliko linakuja na sahani ya bukari na kuku. Kontra haikutaja kuku. Mukwe akimkataa kuku ni matusi, akimla, amekubali. Nimekubali mara kumi na saba, suruali zangu ni mashahidi.

4. Kifungu cha tisa kinaniruhusu kuvunja kontra kwa barua. Mi nani wa kumwandikia mama mukwe barua ya namna hiyo?

Nimepiga hesabu, Tata. Kosa haliko katika kontra ya tovuti. Liko katika ile nyingine. Kwa hiyo naomba familia isimamishe ndoa yangu kwa wiki sita. Mbuzi wa mahari wabaki kwenu kama dhamana. Falonne arudi kwa mama yake, batoto tutagawana siku. Hapo Mama atakuwa mteja kama wengine: nitaingia sebuleni, nitaketi, nitamtazama usoni na kumwambia hapana. Kazi ikiisha nitaoa upya, mutu yuleyule, kwa mbuzi walewale, kama bado wako hai.

Nisalimie nyumba nzima, Shangazi Darlène na goti lake, na wote wa Kasaji.

Mukwe wenu hadi hapo mtakapojibu,
Beya Henri

N.B. Falonne amesoma barua hii na kuipeleka sebuleni. Mama ameamuru ikufikie ilivyo, maana amekubali. Wiki hizo sita kazi atampa Gracien, jirani yetu, ambaye anajua kompyuta, anapenda kuku, na hajaoa. Falonne anasema yeye hana neno. Tata, nakusihi, ukatae ombi langu. Viti nimeshaviweka elfu moja.